Mathare: Mji Ulichukua Mawe, Ukawaachia Watu Mashimo

Wadau, leo tuongee kuhusu mawe. Najua mmezoea nikija na siasa ama bei ya unga, lakini leo nivumilieni kidogo. Nikimaliza mtaona ni siasa tu.

Ukipanda matatu kutoka Pangani ukifuata Juja Road kuelekea Huruma, tupa macho kushoto. Ardhi inaanguka ghafla. Mabati yanashuka ngazi kwa ngazi mpaka mtoni, halafu yanapanda tena ng'ambo ya pili kuelekea Thika Road. Hilo ndilo bonde la Mathare, kilomita kama sita hivi kutoka katikati ya jiji. Wengi wetu tunalijua kwa taarifa za habari: moto, mafuriko, polisi, uchaguzi. Wachache sana wanajua kwamba bonde hili lilikuwa machimbo.

Na si siri. Iko kwenye majina. Kuna kijiji ndani ya Mathare kinaitwa Mashimoni. Mashimo gani? Ya mawe. Watu walichimba hapo, wakachukua kilichokuwa na thamani, wakaenda. Kuna Bondeni, kuna Mabatini, kuna vijiji vyenye namba kama 4A na 3C utadhani ni mafaili ofisini. Na jina lenyewe, Mathare, ni la Kikuyu: ni ule mti ambao wataalamu huuita drasena. Kwa hivyo ukisoma majina tu kwa mpangilio, una historia nzima: kwanza miti, halafu mashimo, halafu mabati.

Tuanze na jiografia, kwa sababu hapa jiografia ndiyo ilileta mambo yote.

Nairobi imekaa juu ya moto wa zamani. Mamilioni ya miaka iliyopita, volkeno za upande wa Bonde la Ufa zilimwaga lava na majivu tabaka juu ya tabaka. Lava ikaganda ikawa jiwe jeusi, gumu, la kuvunja nyundo. Majivu nayo yakashikamana yakawa jiwe la kijivu, jepesi kiasi, ambalo fundi anaweza kulichonga kwa tindo na nyundo mpaka litoke na kona nne safi. Jiwe hilo la majivu ndilo lililojenga Nairobi. Hata leo yale mawe ya Ndarugu ambayo kila mtu anayejenga anaulizia bei yake ni ya ukoo huohuo, ila siku hizi yanakatwa kwa mashine.

Sasa mito ya Mathare na Gitathuru inateremka kutoka nyanda za juu za upande wa Kiambu. Kwa miaka mingi maji yamekata matabaka hayo kama kisu kwenye keki, na kuta za bonde zikabaki wazi. Kwa mchimbaji hiyo ni zawadi. Huna haja ya kuchimba kwenda chini kama kisima, unaingia tu kwa ubavu wa kilima. Na mji mpya ulikuwa hapo karibu, una njaa ya mawe.

Kumbukeni, reli ilifika hapa Mei 1899. Nairobi ya kwanza ilikuwa ya mahema, mbao na mabati. Mwaka 1902 tauni ilipoingia, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mji wa namna hiyo hauwezi kujiita makao makuu. Kwa hivyo ukageukia mawe: ofisi za mawe, makanisa ya mawe, benki za mawe. Machimbo yakafunguliwa pande kadhaa za mji, na Mathare yakawa miongoni mwao, kwenye ardhi ambayo sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara Wahindi.

Nani alichimba? Mwafrika. Na alilala wapi? Hapo ndipo penye swali.

Mwaka 1913 daktari mmoja Mwingereza, Profesa Simpson, aliandika ripoti ya afya akipendekeza watu wa rangi tofauti wakae mitaa tofauti. Mji ukaendelea kupangwa hivyo. Wazungu wakapata vilima vya magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu, hewa safi na mteremko wa kupitisha maji. Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi ule unaonata kiatuni mvua ikinyesha. Na hata huko alihesabiwa kuwa mgeni: mfanyakazi wa muda, mwenye kipande shingoni, ambaye kazi ikiisha arudi kwao. Kijiji cha Pangani, mahali ambapo Waafrika walikuwa na nyumba zao wenyewe, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenyeji wakapelekwa Shauri Moyo. Hebu rudia hilo jina polepole. Shauri Moyo. Watu wetu wamekuwa na kejeli tangu zamani.

Kwa mtu wa namna hiyo, ambaye mji unataka mikono yake lakini hautaki alale hapo, kando ya machimbo palikuwa mahali pa kujibanza. Tangu miaka ya 1920 watu walianza kujenga bondeni: wachonga mawe, vibarua, na baadaye wale waliopata kazi kwenye kambi ya ndege za kijeshi ya Eastleigh, ng'ambo tu ya Juja Road. Hakuna aliyewapangia. Hakuna aliyewaletea maji. Mawe yao yalikwenda mjini, wao wakabaki na vumbi.

Na mji haukuleta bondeni wachimbaji peke yao. Kwenye ukingo wa kaskazini, karibu na Thika Road ya leo, serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1910, mahali ambapo awali palitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ndiyo hospitali ya Mathari ya leo. Daktari wake wa miaka ya 1938 hadi 1950, J. C. Carothers, ndiye baadaye aliyepewa kazi na serikali ya kueleza Mau Mau, na mwaka 1954 akatoa ripoti inayotazama ule uasi kama tatizo la akili. Eti watu waliopokonywa mashamba walikuwa wanaumwa kichwa!

Wakati huo bonde lenyewe lilikuwa limejaa Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mathare palikuwa mahali pazuri pa kujificha, kula kiapo, na kupitisha chakula na habari. Serikali ikajibu kwa tingatinga na moto. Tarehe 24 Aprili 1954 ikaanza ile operesheni inayoitwa Anvil: askari takriban 25,000 waliuzingira mji wote, mtaa kwa mtaa, wakiwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu na kuwapeleka kambini. Nyumba za bondeni zilibomolewa. Kwa muda, Mathare ilirudi kuwa mashimo matupu.

Lakini uhuru ulipokaribia, watu walirudi. Waliotoka vizuizini, wajane, vijana ambao mashamba ya kwao yalikuwa yamegawanywa wao wakiwa kambini. Wanawake wengi walijipatia riziki kwa kupika busaa na chang'aa, na mara kwa mara polisi walishuka kumwaga mapipa mtoni. Haikuwa biashara ya heshima lakini ililipa karo. Kuna watu wakubwa nchini hii leo ambao waliandikiwa kitabu cha kwanza cha shule na pesa ya busaa, na hawatakwambia.

Sasa sikizeni hapa, kwa sababu hiki ndicho kipande ambacho hufichwa tukiitwa wavamizi wa ardhi. Miaka ya 1960 wakaaji wa Mathare walijipanga wakaunda vyama na kampuni za kununua ardhi. Walichanga. Walinunua vipande vya bonde kutoka kwa wale wamiliki Wahindi. Yaani maskini wa Mathare walijaribu njia halali, ile tunayoambiwa kila siku kwamba ndiyo sahihi. Kilichofuata mnakijua, ni Kenya hii hii. Wenye pesa kutoka nje waliingia wakanunua hisa, kampuni zikaanza kujenga vyumba vya mbao vya kukodisha, na mchangishaji wa kwanza akajikuta mpangaji. Mpaka leo wengi wa wanaoishi Mathare wanalipa kodi ya keja kila mwezi. Kwa hivyo hoja ya kwamba watu wa mabanda wanakaa bure, tuiweke kando tafadhali.

Na si Mathare tu. Jiji hili lina desturi na mashimo yake. Dandora, jaa kubwa kuliko yote Nairobi, lilianza mwaka 1975 kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mitaa yetu kadhaa inaitwa Kware, na watoto wanakua wakidhani ni jina la ndege, kumbe ni neno la machimbo lililopita kwenye ulimi wa wafanyakazi likabaki. Julai 2024, ni kwenye timbo la namna hiyo, Kware ya Mukuru kwa Njenga, lililogeuzwa jaa na kujaa maji, ambapo vijana walitoa miili ya wanawake ikiwa imefungwa kwenye magunia. Mimi sioni hayo kama mambo mawili tofauti. Ukiacha shimo wazi katikati ya watu na usilisimamie, litajaa kitu. Takataka, maji, ama binadamu.

Turudi mtoni. Mto Mathare haujaanzia Mathare. Kabla ya kuvuka Thika Road unapita pande za Muthaiga, ile ya klabu iliyofunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1914, ya viwanja vya gofu na nyua za kijani. Ni maji yaleyale. Kila nyumba mpya inayojengwa huko juu, kila ua uliowekwa saruji, kila barabara iliyopanuliwa, inamaanisha maji machache yanazama ardhini na mengi yanakuja mbio kwetu. Na yakifika bondeni yanakutana na nini? Watu 206,564. Hiyo ni hesabu ya sensa ya 2019 kwa kaunti ndogo ya Mathare, yenye ukubwa wa takriban kilomita tatu za mraba peke yake. Hakuna kaunti ndogo nyingine Kenya iliyobanana hivyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 mto ulipasua kingo zake. Watu walikufa. Familia zililala juu ya paa. Angalieni tarehe vizuri: miaka 70 kamili tangu Anvil. Na wiki chache hazikupita, tingatinga zikashuka tena. Amri ilikuwa watu watoke kingo za mto, halafu nyumba zikaangushwa, mvua bado inanyesha. Serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia ikatafute pa kuhamia. Tafuta keja Nairobi, lipa amana, beba vyombo, nunua sare mpya za watoto zilizosombwa, halafu uniambie 10,000 imekufikisha wapi.

Najua kuna msee tayari ameshika simu anataka kuniuliza: kwa hivyo wewe unataka watu wakae mtoni wafe? La hasha. Ukingo wa mto si mahali pa kulaza mtoto. Ukuta wa machimbo ya zamani uliolowa maji si mahali pa kuegemeza nyumba. Hatari ni ya kweli, na anayemwambia mama wa Mashimoni abaki hapo kwa sababu ya siasa hampendi.

Ninachokataa ni kuanza hadithi katikati. Tukianza hadithi mwaka 2024, mtu wa Mathare ni mvamizi aliyejenga mahali pabaya. Tukianza miaka ya 1920, ni mfanyakazi aliyewekwa mahali pabaya na mji uliotaka mawe yake, ukambomolea, akarudi, akachanga akanunua, akanyang'anywa kwa hisa. Huyo wa pili anadaiwa kitu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema makazi bora ni haki. Haijasema ni zawadi ya kampeni.

Kwa hivyo mimi ninadai mambo matatu, na si makubwa. Kwanza, mto upimwe wote, juu na chini ya Thika Road, na kanuni ya ukingo ifuatwe Muthaiga kama inavyofuatwa Bondeni. Pili, mtu asihamishwe kabla hajaonyeshwa anapohamia, na awe karibu na kazi yake, si huko mbali ambako nauli itakula mshahara. Tatu, ardhi ya zile kampuni za miaka ya 1960 ichunguzwe hadharani, tujue nani alichanga na nani alibaki na karatasi.

Bondeni kwenyewe kazi haijasimama. MYSA ilianza mwaka 1987 kwa kuchanganya soka na usafi: timu ikisafisha mtaa, inapata pointi kwenye ligi. Kutoka hapo ikatoka Mathare United, na mwaka 2008 wakachukua ubingwa wa Kenya. Siku hizi kuna vijana wanaozoa takataka kando ya mto na kupanda miti pale palipokuwa jaa. Miti imerudi kwenye bonde lililopewa jina la miti, na hakuna kanjo aliyewalipa.

Mkipita kesho mjini, gusa ukuta wa jengo lolote la zamani la jiwe la kijivu. Utaona alama za tindo bado ziko, mstari kwa mstari. Mkono uliozichonga ulilipwa senti na hukutajwa popote kwenye kibao cha ufunguzi. Wajukuu wa mkono huo wako Mathare, wanasubiri mvua ya Aprili.