Allemannsretten: Neno moja la Norway linalompa kila mtu ruhusa ya kuingia msituni

Lina herufi 15, lakini usiogope. Ukilikata vipande, allemannsretten ni maneno matatu tu ya Kinorwe:

• Alle: wote
• Mann: mtu (siku hizi zaidi mwanamume). Herufi "s" inayofuata ni ya umiliki, kama "-a" yetu katika "ya" au "wa"
• Rett: haki. Ile "-en" ya mwisho inaonyesha ni haki fulani inayojulikana

Jumla yake: haki ya watu wote.

Ujanja wa kulisoma ni kuanzia nyuma. Kiswahili huweka neno kuu mbele: katika batamzinga, neno kuu ni bata. Kinorwe huliweka mwishoni, kwa hiyo hapa kinachozungumzwa ni haki. Rett ni ukoo mmoja na "right" ya Kiingereza na "Recht" ya Kijerumani.

Haki ya nini?

Kutembea kwa miguu porini, hata kama ardhi ni ya mtu binafsi, bila kuomba ruhusa. Ilianza kama mila ya tangu zamani, kisha ikaingizwa kwenye sheria mwaka 1957.

Sheria hiyo nayo inategemea maneno mawili ya kuunga. Utmark (ut ni nje, mark ni ardhi) ni misitu, milima na maeneo mengine yasiyolimwa. Innmark (inn ni ndani) ni mashamba na viwanja vya nyumba. Utmark ni ruksa mwaka mzima. Innmark ina vizuizi, na uwanja wa nyumba ya mtu hauguswi.

Masharti yapo:

• Hema likae angalau mita 150 kutoka nyumba yenye watu
• Mwisho siku mbili sehemu moja, isipokuwa milimani juu au mbali na makazi
• Moto ndani au karibu na msitu ni marufuku kuanzia Aprili 15 hadi Septemba 15, isipokuwa pale ambapo ni wazi hauwezi kusababisha janga

Mvutano mkubwa uko kando ya bahari, ambako viwanja ni ghali. Mwenye nyumba akiweka uzio au kibao cha "binafsi" kuwazuia watu kinyume cha sheria, manispaa inaweza kumwamuru aking'oe. Asiye na hata kipande cha ardhi bado anapita.