Busta Iliyozaliwa Boxing Day

Nimepotea wiki kadhaa, kazi imenibana, lakini sikukaa bure. Nilikuwa najaribu kuchora ramani ya jinsi mitandao ya simu ilivyosambaa Kenya tangu mwaka 2000, kutoka mijini hadi mashambani. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Ha!

Data niliitoa OpenCelliD, hifadhidata ya wazi inayochangiwa na watu wa kawaida. Simu yenye programu yao hurekodi kila seli inayoishika na mahali ilipo. Nilipakua mistari yote ya 639, namba ya nchi yetu kwenye mitandao ya simu. Safaricom ni 02, Airtel 03, Telkom 07. Kila mstari una latitudo, longitudo, na safu iitwayo "created", yaani tarehe iliyoandikwa kwa sekunde tangu 1970. Nikasema historia si hii hapa? Nipange kwa tarehe tu, nimalize.

Nikaanza na kwetu, ng'ambo ya Mwingi, kaunti ya Kitui. Busta yetu (ndivyo tulivyouita mnara) ikajitokeza: 26 Desemba 2013. Nikampigia nyanya kumuuliza. Akacheka.

"Mjukuu wangu, hiyo busta ilikuja baada ya vita vya uchaguzi, kabla ya ile njaa."

Vita vya uchaguzi ni mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Njaa ni ya 2009. Basi busta ni ya 2008, na hifadhidata yangu imekosea miaka mitano. Au tuseme mimi ndiye niliyeisoma vibaya. Safu ile haisemi mnara ulijengwa lini. Inasema simu ya kwanza yenye programu hiyo iliuona lini. Na tarehe 26 Desemba ni siku gani? Boxing Day, watu wa Nairobi wamejaa vijijini na simu zao kubwa! Tena mahali pa mnara hukadiriwa kutokana na vipimo vya simu zilizopita, kwa hiyo mnara ulioko kilimani unaonekana umesimama katikati ya barabara. Nilikuwa nimechora ramani ya matatu za Krismasi.

Basi nikaacha kodi kidogo, nikarudi kwenye historia yenyewe.

Safaricom ilianza 1993 kama idara ndani ya shirika la posta na simu la serikali, ikasajiliwa kuwa kampuni 1997. Simu ya mkononi wakati huo ilikuwa ya mabwanyenye tu. Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikachukua asilimia 40, Michael Joseph akaletwa kuiongoza, na mwaka huohuo mshindani wake KenCell akaingia sokoni (huyo baadaye akawa Celtel, kisha Zain, kisha Airtel, jina hubadilika kuliko laini). Safaricom ilikuwa na wateja chini ya 20,000. Mwaka 2010 Joseph alipoondoka walikuwa wamepita milioni 16.

Wengi husema siri ilikuwa minara. Mimi naona siri ilikuwa bei, na minara ikafuata. KenCell walianza kwa kutoza kwa dakika, Safaricom kwa sekunde. Kwa mtu wa ofisini hilo ni jambo dogo. Kwa mama anayetaka kusema "mbuzi amepatikana" na kukata, ni tofauti ya kupiga na kutopiga. Kisha kadi za kukwaruza zikashuka hadi shilingi chache, zikaja Simu ya Jamii za vibandani, na Machi 2007 M-Pesa. Kabla ya hapo, kijiji cha watu wanaofleshi tu hakikulipa hata dizeli ya jenereta, na kule kusiko na stima mnara uliishi kwa jenereta usiku na mchana. Baada ya M-Pesa, kila mzee anayetumiwa elfu moja na mwanawe alikuwa biashara. Na ujumbe wa M-Pesa ni mdogo, hupita hata mawimbi yakiwa dhaifu.

Lakini kabla ya 2008 kwetu tulikuwa na kilima. Kila anayetoka mashambani anakijua chake. Yetu ilikuwa nusu saa ya kupanda, na juu kulikuwa na jiwe moja ambapo simu ya baba mdogo ilishika netiwaki, ukisimama upande wa kulia.

Mwaka 2005 babu aliugua. Baba alikuwa Mombasa. Baba mdogo alipanda, akatuma ujumbe, akasubiri mpaka giza, akashuka. Jibu likaja yeye akiwa chini, simu ikiwa mfukoni haina habari. Kwa siku mbili hakuna aliyejua kama baba yuko njiani. Babu aliuliza mara nyingi. Nilikuwa na miaka minane, nakumbuka nikitumwa barabarani kuangalia. Baba alifika usiku wa siku ya pili. Babu alikuwa amefariki mchana.

Sasa naweza kueleza lile jiwe. Mawimbi ya GSM ya 900 MHz husafiri mbali kuliko ya 1800, lakini yana mpaka wa kilomita 35 hivi. Simu iliyo mbali lazima itume mapema kidogo ili sauti yake ifike kwa zamu yake, na mnara huirekebisha kwa hatua 64 tu, kila hatua kama mita 550. Ukivuka hapo, kioo kinaweza kuonyesha netiwaki safi na simu isitoke. Kwetu hata mpaka huo hatukuufikia, kwa kuwa vilima vilikinga bonde zima. Jiwe liliona juu ya vilima. Ndiyo hesabu yote.

Sehemu zilizobaki soko halikuzifikia. Sheria ya 2009 iliunda mfuko wa huduma kwa wote, na utafiti wa Mamlaka ya Mawasiliano wa 2016 ukakuta kata ndogo 164 zisizo na mawimbi kabisa, nyingi kaskazini. Julai 2020 Telkom na Loon, kampuni ya maputo iliyokuwa chini ya Alphabet, wakajaribu kutoka angani, kilomita 20 juu. Mapema 2021 yakafungwa. Mandera nako minara imelipuliwa mara kadhaa, watu wakashika laini ya Somalia.

Ramani yangu nimeianza upya. Nimeongeza safu mbili: "kilima", na "mwaka kwa kumbukumbu ya wazee". Mpaka sasa nina mistari kumi na mmoja, yote ya majirani wa nyanya. Jana nilimpigia anitafutie wa kumi na mbili, akaniambia niache kummalizia chaji.