Glaida, Tumbusi na Mawingu: Anga la Katavi na Hatari ya Kugongana

Ndege isiyo na injini, ambayo marubani huiita glaida, haiwezi kushika kimo kimoja. Huzunguka ndani ya hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini ili ipande, kisha huteremka polepole ikisonga mbele kutafuta hewa nyingine. Hewa hiyo hupanda hadi mvuke wake unapopoa na kuwa wingu. Ndiyo maana glaida nyingi hukusanyika chini ya tumbo la wingu, na rubani akizidi kuzunguka hujikuta ndani yake. Humo haoni mtu wala haonwi, na ndege yenye injini inayopita kwa kutegemea vyombo inaweza kumfikia kabla yeyote kati yao hajatambua.

Mkoani Katavi, wanaoelea hivyo hewani kwa kawaida ni tumbusi, korongo na mwari wa maziwa Katavi na Chada. Ndege za injini zilichelewa kufika. Njia ya shirika la ndege la Imperial Airways ya kwenda Cape Town, iliyokamilika mwaka 1932, ilipitia Moshi, Dodoma na Mbeya, ikiiacha Mpanda mbali upande wa magharibi. Mji huo ulikuzwa na madini ya risasi, na kwa ajili yake ilijengwa reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua. Katika miaka hiyo anga lilikuwa tupu kiasi kwamba macho ya rubani yalionekana kutosha.

Macho hayakutosha tarehe 10 Januari 1959. Siku hiyo mtafiti wa wanyama Michael Grzimek, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa akirusha ndege ndogo aina ya Dornier Do 27 katika kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti. Tumbusi aligonga bawa, ndege ikaanguka, naye akafa. Kifo hicho hukumbukwa zaidi katika historia ya uhifadhi, lakini kinastahili vilevile kufundishwa kwa kila anayejifunza urubani Afrika Mashariki, kwa kuwa kinaonyesha hatari ya kukutana na kitu kinachozunguka na kupanda bila kufuata njia yoyote.

Aliyeifahamu tabia hiyo kwa karibu zaidi ni Colin Pennycuick, mtaalamu wa wanyama aliyefundisha Nairobi kisha akafanya utafiti Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alitumia glaida yenye injini ndogo, ASK 14, na kuwafuata tumbusi, korongo na mwari wakipanda katika hewa ileile aliyoitumia yeye. Katika taaluma ya urukaji wa ndege wa porini, ni kazi chache zenye thamani kama hiyo. Kuhusu kimo wanachoweza kufikia, jibu lilikuja kwa ajali: tarehe 29 Novemba 1973, juu ya Abidjan, tumbusi aina ya Rüppell aligongana na ndege ya abiria kwenye futi 37,000, yaani mita 11,300 hivi.

Kwa hatari ya marubani kugongana wao kwa wao, sheria za kimataifa zilijibu kwa kutenganisha vimo. Anayeruka kwa kuona akielekea mashariki, tuseme kutoka Mpanda kwenda Tabora, hushika futi 7,500 au 9,500. Anayerudi hushika 8,500 au 10,500. Wanaotegemea vyombo huruka katika maelfu kamili. Zaidi ya hayo, anayeruka kwa kuona hutakiwa kukaa mita 1,500 kando ya wingu, na mita 300 juu au chini yake, ili anayechomoza humo apate nafasi ya kuonekana. Mpango huu humfaa mwenye injini. Glaida inayopanda hupita vimo hivyo vyote kimoja baada ya kingine. Uingereza, ambako glaida zimeruhusiwa kuingia mawinguni, marubani wake walitengewa masafa maalumu ya redio ili watajiane mahali na kimo walipo. Lakini rubani wa ndege nyingine asiyesikiliza masafa hayo hapati habari.

Tanzania iliimarisha uangalizi wa anga lake kwa kufunga rada nne: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Songwe iko zaidi ya kilomita 350 kutoka Mpanda. Mawimbi ya rada husafiri karibu kwa mstari ulionyooka ilhali dunia imepinda. Kwa hiyo ndege ya abiria iliyo juu sana huonekana, na ndege ndogo inayoruka chini hufichika nyuma ya upeo. Katika kiwanja cha Ikuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hakuna mnara. Rubani hutangaza redioni anakotoka, kimo chake na dakika anayotarajia kutua, kisha hupita chini mara moja kuhakikisha hakuna mnyama njiani.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndicho chenye safari nyingi za watalii, na anga huwa jeupe. Joto la mchana hunyanyua tumbusi juu sana, kwa hiyo asubuhi mapema ndiyo saa salama zaidi ya kuruka. Mvua zikianza mawingu hushuka na kugusa kingo za Bonde la Rukwa. Wakati huo tambarare za hifadhi hugeuka tope, kambi nyingi hufungwa, na ndege ndogo hupungua katika majira yaleyale ambayo kuonana ni kugumu zaidi.