Wakfu ya Pwani na Stara ya Wanawake

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kabla ya kuwapo mashirika ya hisani yenye ofisi na wafadhili, wajane, watalaka na mayatima walisaidiwa kwa zaka, yaani fungu la mali ambalo Mwislamu mwenye uwezo hulazimika kulitoa kila mwaka, na kwa sadaka, ambayo hutolewa kwa hiari. Lakini msaada uliodumu kuliko yote ulikuwa wakfu, ambayo ni mali, hasa nyumba, shamba au kisima, iliyozuiwa na mwenyewe isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, ili manufaa yake yaendelee kuwafikia watu aliowataja.

Asili ya utaratibu huu ni karne ya 7, pale sahaba Umar bin al-Khattab alipoizuia ardhi yake ya Khaibar kwa ushauri wa Mtume Muhammad na kuyaelekeza mazao yake kwa mafukara, jamaa, ukombozi wa watumwa, wageni na wasafiri. Inafaa kuzingatia kwamba jamaa walitajwa bega kwa bega na mafukara. Sahaba mwingine, Zubair bin al-Awwam, aliziweka nyumba zake wakfu kwa sharti kwamba binti yake atakayeachika akae humo bila kudhuru wala kudhuriwa, na haki hiyo ikome atakapopata mume mwingine.

Umuhimu wa sharti la namna hiyo kwa wanawake huonekana mtu anapoitazama sheria ya mirathi. Mjane mwenye watoto wa marehemu hupata thumni, yaani sehemu moja kati ya nane, na kwa kuwa nyumba moja haigawanyiki kwa urahisi, warithi wenzake wanaweza kudai iuzwe ili kila mmoja apate haki yake, naye akajikuta ana fedha kidogo mkononi na hana pa kulala. Wasia haumfai sana, kwa sababu hauvuki theluthi ya mali na haufanywi kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Mwenye mali aliyeiweka nyumba yake wakfu wakati wa uhai wake, akiwa mzima wa afya, alimhakikishia mkewe au binti yake mahali pa kukaa ambapo hakuna mrithi angeweza kumtoa.

Zanzibar ya karne ya 19, iliyotajirika kwa karafuu zilizochumwa na watumwa, ilikuwa na kundi jingine lililohitaji hifadhi hiyo, nalo ni watu walioachwa huru, wanawake wengi wakiwamo, ambao kisheria hawakuwa na fungu katika mirathi ya mabwana zao. Baadhi ya mabwana waliwawekea wakfu vyumba au vipande vya shamba, wao na vizazi vyao, na kutaja msikiti au maskini kuwa wanufaika wa mwisho. Wema huo haufuti dhuluma ya utumwa, kwani mashamba yenyewe yalitokana na jasho la hao hao waliopewa. Wanawake wenye mali nao waliweka wakfu kwa majina yao, jambo ambalo husahaulika pale mwanamke anapotajwa kama mpokeaji tu.

Mwaka 1905, Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Uingereza, iliundwa kamisheni ya kusimamia mali za wakfu. Lakini pigo kubwa kwa wakfu za ukoo lilitoka London, ambako Baraza la Faragha, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, lilikuwa limeamua mwaka 1894, katika kesi ya Bengal, kwamba wakfu inayowanufaisha kwanza watu wa ukoo, na maskini baada ya ukoo kutoweka, si hisani ya kweli. India ilijitungia sheria ya kuliondoa tatizo hilo mwaka 1913, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza lilishikilia msimamo ule ule katika kesi ya familia moja ya Kenya, ambako sheria ya mwaka 1951 ilizitambua wakfu za ukoo. Majaji walikosea, kwa kuwa waliipima sadaka kwa umbali wa anayepewa, ilhali katika Uislamu kumsitiri jamaa mhitaji ni sadaka na ni kuunga udugu kwa pamoja.

Leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana iliyotungiwa sheria namba 2 ya mwaka 2007. Hata hivyo, nyumba kongwe za mawe, chokaa na boriti zahitaji matengenezo ya mara kwa mara, na wakfu isiyo na hati inayojulikana huwa rahisi kugeuzwa mali ya mtu binafsi mara mutawalli, yaani msimamizi wake, anapofariki. Familia zilizohifadhi hati za wakfu masandukuni zizipeleke zikasajiliwe wakati wangali hai wanaojua nyumba ipi iliwekwa kwa ajili ya nani.