Pampu ya pumu na usingizi unaokimbia

Mwezi uliopita nililala kwa shangazi yangu Marafa, si mbali na lile bonde la Nyari wanaloliendea watalii. Saa nane usiku nikamsikia anatembea uani. Akaniambia kifua kimefunguka lakini moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, na usingizi hauji. Jirani alikuwa ameshamwambia ni mashetani. Mimi nikaomba nionyeshwe dawa.

Alikuwa na pampu ya bluu, yaani salbutamol, na vidonge vya aminophylline alivyokuwa akimeza akienda kulala. Ya bluu huanza kazi kwa dakika chache na hudumu saa nne hadi sita. Hulegeza misuli inayobana njia za hewa, na hufanya hivyo kwa kuiga adrenalini, ile inayotoka mwilini mtu akishtuka. Ndiyo sababu wengine hutetemeka, moyo ukadunda na macho yakawa makavu. Kwa mipuliko miwili wengi hawahisi kitu. Shangazi alikuwa akipuliza mara tano au sita kila usiku.

Mashine ya mvuke ya hospitalini ni kali zaidi. Mpuliko mmoja wa pampu una maikrogramu 100, lakini mtu mzima kwenye mashine huwekewa miligramu 2.5 hadi 5. Hata kama nyingi hupotea hewani, usishangae mgonjwa aliyetoka kuvutishwa jioni akikesha. Si ugonjwa mpya.

Vile vidonge navyo vina hadithi yake. Aminophylline hutoa theophylline, ambayo ni ndugu wa kafeini. Sasa mtu anywe kahawa tungu baada ya Isha, ameze kidonge, apulize pampu, kisha alaumu shetani! Prednisolone pia hukimbiza usingizi, ndiyo maana kwa kawaida huambiwa imezwe asubuhi baada ya chakula. Na montelukast, kidonge wanachopewa watoto wengi, Marekani iliwekewa onyo kali mwaka 2020 kwa sababu ya mabadiliko ya akili na tabia. Ndoto mbaya ni miongoni mwake. Mtoto akianza kuweweseka baada ya kuanzishwa dawa hiyo, mrudishe kwa daktari.

Lakini mara nyingi anayeiba usingizi ni pumu yenyewe. Njia za hewa hujibana kiasili kuelekea alfajiri, na mwenye pumu isiyotulia huamka akikohoa. Kuamka hivyo ni dalili kwamba ya bluu peke yake haitoshi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa hiyo tu. Inatakiwa dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya mapafu, kama beclometasone ya pampu ya kahawia. Hiyo haikupi nafuu papo hapo, hivyo watu huitupa wiki ya kwanza wakisema haifanyi kazi. Kwa kipimo cha kawaida ni nadra kuzuia usingizi. Husababisha sauti kukwaruza na utando mweupe mdomoni, basi sukutua na uteme.

Kama dawa inagonga koo tu, tumia chupa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba kwa watoto chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako na pampu kushikizwa vizuri, inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Kuhusu Ramadhani, masheikh wamekhitalifiana juu ya pampu mchana. Ya kahawia ni asubuhi na jioni, kwa hiyo inaingia kwenye daku na futari bila ubishi. Ya bluu kifua kikibana mchana, puliza. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani.

Shangazi tulimpeleka kwa daktari. Vidonge vimeondolewa, ya kahawia imeanza, na kopo la bluu, lenye mipuliko 200, halimaliziki tena kila mwezi. Alhamdulillahi analala mpaka adhana, isipokuwa usiku wa Ijumaa. Ubani amekataa kuuacha, na moshi wake chumbani ni kama wa kuni tu. Tumekubaliana auchome uani.