Mvita na Wingi wa Viti vya KANU

Jimbo la uchaguzi la Mvita mjini Mombasa, Kenya, lenye Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, ni miongoni mwa majimbo ya Pwani yaliyokibeba chama tawala cha KANU bungeni miaka ya 1990. Mwanzoni Pwani haikuwa ya KANU. Mwaka 1963, bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ikiwa bado inapepea juu ya Ngome, sehemu kubwa ya Pwani ilimfuata Ronald Ngala na KADU, chama kilichodai mikoa ijitawale. Katika uchaguzi wa mwaka huo KANU ilipata viti 83 na KADU 33. Novemba 1964 KADU ilivunjwa, wabunge wake wakahamia serikalini. Tangu hapo aliyetaka cheo Mombasa alikitafuta ndani ya KANU, kama alivyofanya Shariff Nassir, aliyeingia bungeni mwaka 1974 na kukiongoza chama mjini humo kwa miaka mingi.

Vyama vingi viliporuhusiwa tena Desemba 1991, vijana wengi wa Mji wa Kale waliegemea Islamic Party of Kenya. Serikali ilikataa kuisajili kwa hoja kwamba ni chama cha dini, na mwaka 1992 Mombasa ilikumbwa na ghasia. Katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo, Rais Moi alipata takriban asilimia 36 tu ya kura, lakini KANU ilitwaa viti 100 kati ya 188, kwa kuwa wapinzani walikuwa wamegawanyika. Rais akateua wengine 12.

Hatari kubwa zaidi ilikuja 1997. Agosti 13 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kivuko kutoka kisiwa cha Mombasa. Machafuko yaliyofuata yaliua watu wengi na kuwafukuza maelfu ya watu wa bara, ambao wengi wao walidhaniwa kuwa wapigakura wa upinzani. Katika uchaguzi wa Desemba, KANU ilipata viti 107, na wapinzani wote kwa jumla 103. Wabunge wake wawili tu wangeshindwa, wingi huo ungetoweka. Pwani peke yake ilikipa chama viti 18 kati ya 21. Likoni yenyewe ilimchagua Suleiman Shakombo wa chama cha Shirikisho. Kwa kuwa makubaliano ya IPPG, kundi la wabunge wa chama tawala na wa upinzani, yalikwisha kugawa uteuzi wa wabunge 12 kwa uwiano wa viti, Rais hakuweza tena kuongeza pengo kwa kalamu yake.

KANU ikatafuta nguvu kwa wapinzani wenyewe: Machi 2002 iliungana na NDP ya Raila Odinga. Moi alipomchagua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, Raila na vigogo wengine walijitoa, na wapinzani waliokuwa wakigawana kura wakakutana ndani ya muungano wa NARC. Mgawanyiko uliokuwa ukiilinda KANU ukawa umekwisha. Desemba NARC ilipata viti 125, KANU 64. Mvita ikamwangusha Nassir na kumchagua Najib Balala wa NARC.