Ugonjwa wa ateri za miguu: tofauti za kijinsia

Ugonjwa wa ateri za miguu ni hali ambapo ateri zinazopeleka damu miguuni hupungua upana au kuziba, kwa kawaida kutokana na utando wa mafuta unaojijenga ndani ya kuta zake. Huwapata wanawake na wanaume, hasa wazee, wavutaji wa sigara na wenye kisukari, shinikizo la juu la damu au lehemu nyingi.

Dalili bainifu ni maumivu ya shavu la mguu yanayoanza mtu anapotembea na kutulia anapopumzika. Wanawake wengi hawaipati. Baadhi huhisi uchovu au udhaifu wa miguu, hivyo mara nyingi hugunduliwa wakiwa na umri mkubwa na ugonjwa uliokomaa. Hatari yao huongezeka baada ya hedhi kukoma, na ateri zao, ambazo kwa wastani ni nyembamba, huweza kutatiza upasuaji.

Vipimo ni vilevile kwa jinsia zote: shinikizo la kifundo cha mguu hugawanywa kwa lile la mkono, na uwiano wa 0.90 au pungufu huashiria ugonjwa. Matibabu hujumuisha kuacha sigara, mazoezi ya kutembea, dawa za kupunguza lehemu na za kuzuia damu kuganda, na kuzibua ateri. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa wanawake hupewa dawa hizo kwa kiwango kidogo kuliko wanaume.